Jenerali Chini ya Bati

12 Februari

Mwanangu kipenzi, kifunguamimba wangu,

Hujambo? Kazi inakwendaje? Mimi mzima, ila joto la mwaka huu halina adabu, hata ukuta ukiuegemea unakuchoma.

Sungura wangu ndio habari ya mtaa sasa. Fundi seremala amenijengea banda la ghorofa tatu, bati jipya linameta mpaka barabarani. Dume wangu mkubwa, Jenerali, nimempandisha ghorofa ya juu kabisa, kichwa karibu kigonge bati, kila apitaye amwone. Majike wako chini. Bwana mkubwa atakaaje chini na wake zake? Jirani muuza mkaa alisimama akauliza, "Mama, huyo sungura au mbuzi?" Nikamjibu, "Kwangu hakizaliwi kidogo." Nawe si unajijua ulivyozaliwa!

Ila hao majike wananitia wazimu. Nampelekea Jenerali huyu, nampelekea yule, matumbo yako vilevile. Tasa watupu, wananimalizia majani bure. Nawagawa wote.

Na mkeo je, bado? Mwaka wa tatu huu. Wewe mabega kama mlango, kosa litatokaje kwako? Nimemwandikia mwenyewe, nikamwambia apishe wenzake. Usininunie, nakupenda.

Mama yako mzazi

1 Machi

Shikamoo mama,

Natumai hujambo. Mimi nipo. Joto unalolalamikia huko, njoo usimame nami mbele ya tanuri. Tangu nifanywe mwoka mkuu sibanduki pale mpaka mikate yote itoke.

Barua yako kwa mke wangu niliikuta mezani, imefunguliwa. Nguo zake hazikuwepo. Yuko kwao. Nimemfuata, baba yake alinipokea vizuri, yeye hakutoka chumbani.

Sikuandikii kukukosea heshima. Nauliza tu: nani alikwambia kosa ni lake?

Mwanao

2 Aprili

Mwanangu,

U hali gani? Unakula? Nani anakupikia? Nimechelewa kujibu kwa sababu sikuwa na uso.

Majike niliwagawa. Wawili nilimpa muuza mkaa, nikamwambia hao ni wa kitoweo, kizazi hawana. Yeye akawaweka kwa dume wake, kile kilichokonda, kinachokaa kivulini nyuma ya nyumba. Mwanangu, wamezaa wote wawili! Kaja na vitoto kwenye beseni: "Mama Ghorofa, tasa wako hawa hapa." Watu walicheka mpaka wakashika mbavu.

Nikamwita daktari wa mifugo, maana Jenerali naye alikuwa kajinyoosha kama nguo, masikio ya moto, anahema, majani hagusi.

"Nani kamweka huyu chini ya bati?"

"Mimi. Kwa heshima yake."

"Basi mama, umempika kwa heshima."

Kumbe sungura hatoi jasho kama sisi, joto lake hutokea masikioni. Na dume akiungua hivyo mbegu zinaharibika, anapanda anapanda, hakuna kitu. Akikaa penye upepo miezi miwili mitatu huenda akarudi sawa. Tumemlowesha masikio, tumemshusha.

Sijui kwa nini nakueleza yote haya. Silali vizuri. Mkeo karudi?

Mama yako

15 Aprili

Shikamoo mama,

Pole na usumbufu. Barua yako niliisoma nimesimama, kisha nikaenda hospitali kupimwa. Mwaka mzima mke wangu aliniomba nipimwe, nami nikawa namjibu, "Kwetu hakuna ugonjwa huo." Yeye alishapimwa, ni mzima. Mwenye tatizo ni mimi.

Daktari kaniuliza kazi yangu, halafu kaniuliza nasimama wapi. Anasema huenda ni tanuri, huenda kuna na jingine. Kwanza nitoke kwenye joto, kisha anipime tena. Nimeomba kuhamishiwa dukani, mbele. Wenzangu wananicheka. Wacheke.

Nimemwandikia mke wangu, kimya. Neno langu kwake limeisha nguvu. Lako ndilo lililomtoa nyumbani.

Mwanao

24 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Sikuulizi hali leo, sina nafasi. Naandikia magotini, nimekaa kwenye kochi la wakwe zako. Nimekuja bila taarifa, na gauni langu la harusi yenu, wasione nimechakaa.

Mama yake kaniuliza nimefuata nini. Nikasema nimefuata kuomba radhi. Mlango wa chumbani ulikuwa umefungwa, basi nikapaza sauti: "Mkwe wangu, mwenye tatizo ni mwanangu, si wewe! Na aliyekufukuza ni mimi!" Mimi huyu, kumsema mwanangu mbele ya watu! Na majirani wako dirishani!

Mlango haukufunguka. Soda niliyoletewa imeshaisha ubaridi, sijaigusa. Nikatoa karatasi nikuandikie, mikono isikae bure.

Sasa mlango umefunguka. Ametoka. Amekonda. Ameketi kiti cha mbali, ananitazama.

Anasema, "Mama, hebu sema tena. Sikusikia vizuri."

Amesikia, mtoto huyu! Amesikia vizuri sana! Lakini naweka kalamu chini, nikaseme tena.

Mama yako