Unga wa Rangi Mbili

Chang'ombe, Jumanne

“Daktari mwenyewe alimwekea dawa ndani ya kidonda, sasa mie nikimwekea kosa langu liko wapi?” Hivyo ndivyo alivyonijibu shemeji Zainabu leo, huku akifungua vidonge vya rangi mbili na kunyunyizia unga wake kwenye mshono wa kaka.

Kosa liko hapa, shemeji. Daktari aliweka dawa aliyoipima, kwenye nyama safi, kabla ya kushona. Wewe unamwaga unga juu ya usaha. Juu panakauka, chini panaoza.

Nilimwambia hivyo kwa ukali. Akasema taratibu, “Basi mpeleke wewe, shem. Mie ameniapisha nisimwambie mtu.”

Kaka ana homa siku ya nne. Tangu afanyiwe operesheni ya njia ya haja kubwa amerudi kliniki mara moja tu, akagoma kupanda kitandani kwa sababu nesi ni wa umri wa binti yake.

“Ingekuwa mguu ningemwonyesha,” alininong'oneza. “Lakini huko nyuma?”

Na mimi, ninayebishana na kila mtu, kila nilipomuuliza hali nilitosheka na “naendelea vizuri”. Sikutaka kuona.

Amekubali twende asubuhi. Naogopa tumechelewa, na kama tume…

Kaka, na nyie wanaume wote wa ukoo wetu: vueni suruali, laleni kifudifudi, nesi aangalie.