Banasema Nimekuwa Mungereza

Mama Berthe, mushauri wetu wa radio, naomba unisikilize, nakuandikia nikiona haya, sababu mutu mwingine wa kuambia sina.

Jina yangu ni Agar, niko hapa Butembo. Bazazi bangu balikufa nikiwa mudogo, basi nililelewa ku misheni moja upande wa Mutwanga na infirmière, muuguzi Mungereza, Mademoiselle Joyce, miaka kumi na mbili, na alinipenda, sina mashaka, mais hakunikumbatia hata siku moja, nikianguka alisafisha kidonda akasema, "Haya, imeisha," na siku alipata barua kwamba ndugu yake amekufa kule kwabo, aliisoma, akaikunja, akaniuliza kama mvua itanyesha, kisha akaenda kuangalia bagonjwa. Mimi niliona ile ndiyo nguvu. Mu 1996 vita ilipofika, alipandishwa ndege, akanipa mukono, akasema, "Ujitunze, Agar," na sikumuona tena.

Nikaolewa na Timothée. Mwaka huu, mwezi wa tatu, batu ba silaha balimuua ku njia ya Manguredjipa. Ku kilio bote balilia, bengine balijitupa chini, mimi nilipika chai, nikapokea bageni, nikabashukuru mumoja mumoja, macho kavu. Mama yake, Kanyere, akaniangalia, akasema mbele ya bote: "Huyu ni Mungereza. Mutoto wangu alioa jiwe." Tangu ile siku hanisalimie tena, na bandugu ba Timothée banasema nirudi kwa Bazungu bangu, mais ni Bazungu gani? Mama, ninalia, lakini nikiwa peke yangu tu; mutu akikaribia, machozi inakatika yenyewe. Je, niondoke ile nyumba ya Timothée?

Agar

Agar, hapana, usiondoke.

Pole sana kwa bwana yako. Kanyere alifanya kosa kukuita jiwe, tena mbele ya batu. Mais na weye nitakugombeza. Unafikiri Mungereza halie? Nilifanya kazi nabo miaka sita ku hospitali. Kwabo, kuficha uchungu ni heshima, ili mwenzako asiubebe. Mademoiselle yako alilia. Alifunga mulango kwanza. Donc hakukufundisha ubaya, alikupa kile alikuwa nacho. Lakini huku kwetu, machozi ni kuambia mwenzako: na mimi nimefiwa. Kanyere alitafuta mutu wa kulia naye, akaletewa kikombe cha chai. Miezi hii yote ulimwacha peke yake, ukafikiri ni weye tu uko peke yako.

Usijilazimishe kulia, atajua ni bongo, uwongo tu. Kesho asubui beba jembe, umufuate ku shamba yake. Umuambie: "Mama, uchungu wa Timothée unanimaliza, na kulia mbele ya batu sijui, hakuna mutu alinifundisha." Kisha unyamaze, ulime. Anaweza kukufukuza siku ya kwanza. Urudi siku ya pili. Na akitaja jina ya mutoto wake, usigeuze mazungumuzo. Muulize alikuwa mutoto wa namna gani. Ile miaka yote weye hukumujua, ni yeye tu anaweza kukupa.