Isiwe ya Mkanda

Mabamba, 8 Machi 2015

Mwanangu Akimana,

Amahoro. Sisi huku wazima, wasiwasi ni kwako tu. Baba yako Melkiadi mzima, ila goti linamsumbua mvua ikinyesha, na mvua haiachi. Kaka yako Kipriani mzima, anasema umesahau viatu vyake. Nyokuru mzima, kila jioni ananiuliza, "Mjukuu wangu amekula nini huko Kasulu?" Namwambia ugali. "Na nini?" Hilo nijibie wewe. Mbuzi mweupe kazaa, naye nimemtaja maana unampenda.

Wewe je? Kile kifua?

Barua yako nimeisoma nikairudia. Ati mwalimu wako wa picha, Abdulrahmani, kasema asiyekuwa na kamera yake mwenyewe ikifika Pasaka, nafasi yake pale studio anapewa mwingine. Mbona hakusema tangu mwanzo? Sijatulia. Ugali nimeunguza. Baba yako ananicheka, "Mke wangu, kwani anayesomea picha ni wewe?"

Kwa Saady, muuza mitumba hapa sokoni, nimeona kamera mbili. Niambie nichukue ya namna gani. Andika, usipige simu, huku inakamata mtandao wa Burundi, salio linaliwa salamu hazijaisha.

Mama yako

Kasulu, 13 Machi 2015

Shikamoo Mama. Msalimie Baba na Nyokuru. Kipriani mwambie viatu nakumbuka. Kifua kimepona.

Mama, ya mtumba inatosha, hata kama ina mikwaruzo. Kitu kimoja tu nakuomba: isiwe ya mkanda. Hapa Kasulu mkanda hausafishwi tena, mpaka upelekwe Mwanza, na mwalimu anataka kuona picha jioni ileile. Nafasi yangu iko mikononi mwako.

Mwanao Akimana

Mabamba, 20 Machi 2015

Mwanangu,

Hujambo? Sisi hatujambo. Nyokuru anakohoa kidogo, usishtuke.

Kamera ndiyo hiyo anakuletea Makarius, dereva wa lori la maharage. Nimehangaika nayo! Saady alinishikia moja nyeusi, ina mkanda mpana wa kuvaa shingoni. Nikakataa. Anasema, "Mama, hii ndiyo nzuri." Nikamwambia mwanangu kakataza ya mkanda. Akachukua kisu aukate, nikamwambia usinione mshamba, ukishaukata ndiyo itakuwa haijawahi kuwa nao? Nikachukua hii nyingine, nzito, haina hata kamba.

Ila nilishangaa. Mkanda usafishwe Mwanza, kwani maji ya Kasulu yana nini? Sabuni si ipo?

Saady katia ndani kitu anakiita filamu, kasema ni zawadi. Kipriani katupiga picha sote mpaka mashine ikagoma. Nyokuru kavaa kitenge cha harusi yako, kile anachosema anakutunzia. Tangu tuvuke kutoka Burundi, picha yake ni ile moja ya kambi ya wakimbizi, kashikishwa kibao cha namba. Safari hii kacheka, mwanangu, na mapengo yote nje.

Niambie kama mwalimu kaipenda.

Mama yako

Kasulu, 24 Machi 2015

Shikamoo Mama. Kamera imefika. Ni imara sana. Mwalimu ameiangalia kwa muda mrefu. Asante, usihangaike tena.

Mwanao Akimana

Mabamba, 29 Machi 2015

Akimana mwanangu,

Salamu leo nakata. Wote wazima, Nyokuru kapona.

Barua yako ilikuwa fupi mno, nikajua kuna jambo. Mtoto anayeandika "usihangaike" anahangaika. Jana nimepita kwa Saady, akaniuliza, "Binti kapata wa kumsafishia mkanda?" Nikamwambia mkanda gani, si haina! Kacheka mpaka kashikilia rafu. Ndipo akanionyesha, kumbe mkanda ndio ile filamu ya ndani.

Mbona hukuniambia? Uliogopa nitalia? Nimelia, basi, yameisha.

Kamera nyeusi imo humu, nimeifunga kwenye khanga mbili, na chaja yake. Saady hakukubali kunipa hivihivi, nimemwachia baiskeli ya baba yako mpaka ile nyingine irudi. Baba yako anakwenda shambani kwa miguu na goti lile, kila akikaa kupumzika anauliza kwa sauti, ili nisikie, kama Pasaka bado.

Kesho ipeleke kwa mwalimu, usingoje Ijumaa Kuu. Ile nzito mrudishie Makarius akigeuza. Lakini ule mkanda wa ndani utoe kwanza, mwanangu, taratibu, usiingie mwanga kama Saady alivyosema. Upeleke Mwanza hata kama ni mwezi mzima. Nyokuru anangoja kujiona bila kibao.

Na huu wa nje sijaukata. Uvae shingoni, usiuvue stendi.

Makarius anarudi Jumatano. Mpe neno, hata moja, kama nafasi bado ni yako. Nitakuwa barabarani tangu asubuhi.

Mama yako