Wa Kunikatalia

Mjukuu wangu Osmund,

Marahaba, shikamoo yako imefika. Huku Lundo tu wazima, shangazi yako anavuna mihogo.

Unauliza nani asajili wachezaji, wewe kocha au mkurugenzi wa ufundi. Enzi zangu za ukocha nilichagua mimi, kisha rafiki yangu Kayuni akaenda kumwomba mchezaji kwa wavuvi aliovua nao. Safari moja nilimtaka winga wa kijiji cha Lipingo. Kayuni akarudi peke yake.

"Hapana. Tukimchukua, wenzake watabaki bila mtu wa kuvuta wavu."

Nilinuna, lakini jioni tulikula usipa, dagaa wa ziwani, sahani moja.

Mwachie mkurugenzi wako nafasi ya kukukatalia. Mimi, baada ya kumzika Kayuni, nilichagua mwenyewe, nikaomba mwenyewe, na hadi leo usipa unabaki sahanini.

Babu yako