Baba Mkwe Anayetembea kwa Vidole Vyako

Gwamaka ndugu yangu,

Naanza kwa kukugombeza, maana hata huko uliko sikuachi. Umeniachia kompyuta ya mtumba, diski zinazoota kuvu kwa unyevu huu wa Tukuyu, na gemu ambayo haijaisha. Homa ya siku tatu tu, basi, umekwenda. Pale ofisi ya walimu nilikuwa nakitazama kiti chako mpaka wenzetu wakakihamisha.

Unakumbuka ilivyoanza? Mimi Mzigua niliyeletwa huku kufundisha nilikuja kwenu Masukulu, nikamwona mkeo Atupele akiangusha jembe na kutokomea migombani kwa sababu tu baba yako anapita. Nikadhani wamegombana. Ulicheka mpaka ukakaa chini, ndipo ukanieleza kwamba kwenu mkaza mwana haonani uso kwa uso na baba mkwe. Ukasema, "Hiyo ni gemu kabisa." Na mimi kwa ujinga wangu, toleo la kwanza nililoandika likampa mkaza mwana pointi kila anapomwamkia mzee! Ulinitania mwaka mzima.

Halafu tukabishana tutumie nini. Mpwa wangu alileta kutoka Dar sidii yenye programu ya kutengenezea gemu: unavuta picha, unaiweka, huandiki hata mstari. Ukakataa. Ulitaka Besiki, lugha ya kompyuta tuliyojifunza wenyewe kwenye kitabu, kila amri uiandike kwa mkono wako, "ili ikiharibika tujue wa kumlaumu." Picha tulizichora kwanza kwenye daftari la hesabu, kila kimraba nukta moja ya skrini. Ukachora boma lenu lote, nyumba, zizi, migomba. Baba mkwe naye hukutaka azurure ovyo. Ulikaa ukamwendesha mwenyewe kwa vitufe, na Besiki ikaandika kwenye faili kila ulipokwenda na kila uliposimama. Tangu hapo mchezaji anamkwepa mzee anayerudia mwendo wako.

Sikuwahi kuliwaza hilo mpaka ulipokufa.

Baada ya matanga nilitaka kuihamishia gemu kwenye ile programu ya mpwa wangu, kabla diski hazijafa zote. Lakini programu ile haisomi faili lako. Ingebidi mzee nimwendeshe upya mimi, na mwendo wako upotee. Nikasema nimtazame mara moja ya mwisho. Akatokea kando ya zizi, akasita, akaenda, akasita tena, kama ulivyokuwa unafanya ukinyoosha mkono kuchukua kikombe cha chai. Kisha akazunguka nyuma ya nyumba, akasimama kwenye kona ya migomba. Muda mrefu. Gwamaka, pale ndipo tulipokuzika. Nikachomoa waya wa kompyuta bila hata kuizima.

Jumamosi moja Atupele akaja kwangu Bulyaga kuchukua vitabu vyako. Ukungu ulikuwa mzito, saa nane mchana tumewasha taa. Akauliza ile gemu yetu iko wapi. Nikamweleza yote, pamoja na kwamba nafikiria kukufuta. Akaketi, nikamwonyesha vitufe.

Alimtazama mzee akipita, akasema polepole, "Ni yeye. Hivyo ndivyo anavyosimama akisahau alichofuata." Kisha akamtoa mkaza mwana migombani, akamweka mbele yako. Skrini ikawa nyeusi, yakatokea maneno yako: AMEKUONA. MCHEZO UMEKWISHA. Akaanza upya. Akamweka tena mbele yako. Sijui alirudia mara ngapi. Mwishowe akanigeukia na macho yamejaa machozi: "Mwalimu, mbona inatufukuza?"

Jioni ile nilirudisha sidii ya watu, nikanakili faili lako kwenye diski mpya na kuzifukia kwenye kopo la mchele mkavu. Ulikuwa sahihi, mbishi wewe. Kwenye Besiki kila kitu kiko wazi mbele ya macho, na mstari unaomaliza mchezo mtu akionekana niliupata mara moja. Nikaufuta.

Jana Atupele alikuja tena. Alimsimamisha mkaza mwana mbele yako pale kwenye kona, akatoa mikono kwenye vitufe. Hakuna kilichozimika. Mlikaa hivyo, naye akawa anakueleza habari za watoto kwa Kinyakyusa, kwa sauti ya chini. Mimi nilikuwa nyuma yake. Nikaona mzee akigeuza uso, taratibu, kumwelekea.

Faili lako nimelisoma lote, mstari kwa mstari. Pale kwenye kona hakuna kugeuka.

Sikumwambia. Gemu nitaimalizia kwa mkono, kama ulivyotaka, na hatua zako sitazigusa. Unanijua, kosa likiingia kwenye programu silali mpaka nilipate. Hili nakuahidi sitalitafuta.

Kwaheri, ndugu yangu.

Mzigua wako