Fundi Yuwakaza, Salamu Nipeni Mimi

Baba Rukia wangu,

Ungeniona sasa hivi ungenicheka. Nimekaa juu ya benchi lako la karakana, kalamu mkononi, miwani imeteremka hadi puani, na chai imenipoa pembeni. Wewe hukuwa mtu wa maneno. Ukisema matatu kwa siku, mawili yalikuwa ya kuulizia chai. Mimi ndiye niliyekuwa nayo, na kwa kuwa aliyezoea kuyasikiliza ameondoka bila kuniaga, acha niyaandike. Huenda yakanipungua kifuani.

Tangu juzi naikumbuka ile teksi. Ndoa yetu ilikuwa bado mpya. Ulikuwa umefungua karakana hapa mwisho wa mtaa wa Kuze, pale vichochoro vinapokwisha na gari zinapoweza kufika, nasi tukikaa chumba cha juu yake. Mimi wakati huo sikujua bolti wala nati. Nilijua tu kwamba ukifika mahali pa kurudisha kichwa cha injini na kukikaza, ulikuwa mtu mwingine. Uso ulikuwa mzito, hutaki redio, hutaki kuulizwa kitu. Basi siku hiyo, katikati ya kukaza injini ya teksi, Maalim Sudi wa madrasa, Mungu amrehemu, akasimama mlangoni.

“Asalaam alaykum, fundi.”

Nawe, mtoto uliyelelewa vyema, ukaweka spana chini. Salamu za Maalim hazikuwa za kupita njia. Alikuuliza hali yako, hali yangu, hali ya mamako na ya mamangu, ya mjomba wako wa Lamu, ya mguu wa mjomba wako wa Lamu, na kama mvua zimeshafika huko Lamu. Ulimjibu yote kwa adabu, mkono kifuani. Alipokwenda zake ukashika tena spana, ukasimama mbele ya injini ukiikodolea macho. Nilikuona ukijikuna kichwa, lakini nikadhani ni jasho.

Teksi ilirudi ikivutwa kwa kamba. Ulichomoa kile kijiti cha kupimia oili, nawe ukanionyesha: oili imekuwa kama chai ya maziwa. Maji yalikuwa yameingia humo. Kulikuwa na bolti moja umeiruka, na ile ya jirani yake umeirudia mara mbili. Mwenye teksi alisema maneno mengi, na baadhi yake sitayaandika hapa. Wewe hukumtaja Maalim hata kidogo. Jioni, tukila, nilikuuliza mbona hukumweleza yule mtu kwamba mzee alikukatiza. Ukanijibu, “Maalim ametoa salamu, na salamu ni haki yake kujibiwa. Makosa ni yangu, nliyeacha kazi katikati.”

Nilipokuuliza bolti moja ina nini hata ilete balaa lote lile, ulichukua mfuniko wa sufuria ya mchuzi. Ukaubonyeza upande mmoja kwa kidole, na upande wa pili ukanyanyuka. “Waona? Ukikaza huku peke yake, kule kwafunguka. Waanza katikati, kisha wavuka, huku kidogo na kule kidogo, wenda hivyo mpaka kandokando. Kisha warudi upya, waongeza. Kisha tena. Haina haraka.” Mchuzi ulikuwa umekumwagikia kidoleni, ukaulamba. Nilikupenda sana siku ile, sijui kama niliwahi kukwambia.

Basi likabaki swali la watu. Mji wetu huu mtu hapiti mlango wa mwenziwe kimya, na wewe kutomwitikia mtu usingeweza, ungeona aibu mpaka kufa. Ukaenda mwenyewe kumuuliza Maalim Sudi afanye nini mtu ambaye mikono yake imeshika kazi isiyokatizwa. Ulinisimulia kwamba alicheka hadi kilemba kikamkaa upande, kisha akasema, “Nyumba ikitolewa salamu, akiitika mmoja wao yatosha. Muweke mkeo mlangoni.”

Ndipo nikapata kazi. Kila ulipofika mahali pa kukaza, uliniita kutoka chini nishuke, “Mama Rukia, ndoo,” hata kabla Rukia hajazaliwa uliniita hivyo, kwa matumaini. Nami nilishuka na ungo wangu wa mchele, nikakaa kizingitini uso nje na mgongo kwako, nachagua mawe huku nawapokea watu.

“Waalaykumu salaam. Fundi yuwakaza, salamu nipeni mimi, n'tampa.”

Mwanzo walishangaa. Bi Zuhura wa nyumba ya pili alieneza habari kwamba ulinioa kwa ajili ya ulimi wangu. Baadaye Kuze nzima ikazoea. Watoto wa madrasa walipita wakijibiana wenyewe, “Fundi yuwakaza,” na kunyata kama wanaopita msikitini. Nami nilitoa hali yako kwa watu kuliko wewe mwenyewe ulivyoijua. Nilisema hujambo siku ambazo ulikuwa na homa. Nyuma yangu nilisikia ile spana yako ya kupimia ikilia, tak, ikifika nguvu uliyoitaka. Kisha kimya kidogo. Kisha tak nyingine. Mchele wangu ulikuwa safi kuliko wa harusi.

Ulipofariki, pikapu ya rafiki yako Mzee Mutua ilikuwa humu ndani, injini wazi. Wajua hali uliyoiacha: kichwa kimetoka kusawazishwa, gasketi mpya imo kwenye karatasi yake, na bolti umezipanga ndani ya boksi la viatu ulilolitoboa matundu, kila moja mahali pake. Ulipanda kupumzika kidogo kabla ya kukaza. Ulisema kichwa kinakuuma. Hukuniita tena.

Watu walijaa, wakapita mlangoni wakitoa salamu na pole, nami juu huko na wanawake nikiitika mmoja mmoja. Bi Zuhura aliponikumbatia na kuniambia, “Asalaam alaykum, mwanangu,” nusura nimwambie fundi yuwakaza. Maneno yalishafika mdomoni. Nikayameza, na hapo ndipo nilipolia kwa mara ya kwanza.

Sasa nikueleze jambo ambalo sijamweleza mtu. Wakati wa eda Rukia alikuwa akishuka karakana kila asubuhi kufanya kazi ndogo ndogo za watu, breki na plagi. Alinijia mara kwa mara kuniomba ruhusa. “Mama, nifunge ile mashine ya Mzee Mutua.” Mtoto mwenyewe hana hatia. Amesomea kazi hii, kisha amesimama kando yako miaka yote hii, na wewe mwenyewe ulishamwachia kukaza injini za watu ukiwa umeketi tu unatazama. Lakini nilikataa. Nilimwambia angoje eda iishe. Mara nikasema angoje Ramadhani ipite. Mara nikasema gasketi huenda imeharibika, kana kwamba najua gasketi ni nini. Ukweli ni kwamba nilikuwa nikishuka alfajiri, kabla yeye hajaamka, nakifunua kitambaa kilichofunika injini na kutazama bolti zako kwenye boksi. Zilikaa kama ulivyoziacha. Nilijiambia kwamba kazi haijaisha, na mwenye kazi isiyoisha atarudi. Mtu mzima kama mimi, mwenye mvi, najidanganya hivyo na najua najidanganya.

Rukia hakubishana nami. Alikuwa akipaka oili ndani ya injini kila baada ya siku kadhaa, kimyakimya, maana hewa yetu hii ya chumvi haimhurumii mtu, chuma kikikaa wazi kitaoza. “Naweza kukilinda, mama,” aliniambia, “lakini si milele.”

Aliyenivunja ni Mzee Mutua. Ulimpenda, na sikuwahi kuelewa mlikuwa mnaongea nini, wewe uliyekuwa huna maneno na yeye aliyestaafu reli akiwa na maneno ya watu wote wa reli. Eda ilipokwisha alikuja kutoka Tudor pamoja na mkewe, yule mama mwenye mguu mbaya. Niliwapokea hapa hapa karakana. Aliniuliza hali, watoto, nyumba, akafuata taratibu zote kama mtu wa Kuze. Gari lake hakuligusia. Ilibidi nilitaje mimi, kwa aibu, nimwombe radhi.

Akasema, “Hiyo gari iache tu ikae, mama. Nikwambie ukweli, mara nyingine niliileta hapa ikiwa haina shida yoyote. Nilikuwa nakuja kukaa na yeye.”

Akageuka akaitazama pikapu. Baba Rukia, nilimwona akiitazama vile vile ninavyoitazama mimi alfajiri. Nikajua kwamba yule angenisaidia kuiacha wazi mpaka ioze. Tungekaa hapa sote wawili, mjane na rafiki, tukiulinda mzoga. Kisha nikamtazama mkewe. Alikuwa amesimama, kwa kuwa kiti chetu ni cha chini na akikaa hainuki. Mguu umevimba juu ya kiatu. Nilimuuliza anaendaje kanisani siku hizi bila gari.

“Pole pole,” alisema. “Ninapanda tuk-tuk, kisha natembea ile sehemu iliyobaki.”

Hakulalamika, na hilo ndilo lililoniumiza. Huzuni yangu nilikuwa nimeitua kwenye mguu wa mtu mwingine, naye akaibeba bila kusema kitu. Walipoondoka nilimwita Rukia nikamwambia kesho afunge.

Asubuhi nilishuka na ungo wangu. Hakuna aliyeniambia nishuke. Nilikaa kizingitini, uso nje, mgongo kwa binti yetu, kama kawaida ya nyumba hii. Nikasikia akikiweka kichwa mahali pake, akipaka oili bolti na kuzizungusha kwa vidole. Bi Zuhura akapita, akatoa salamu. Nikaitika, nikasema fundi yuwakaza.

Akasimama. “Fundi yupi, mwanangu?” aliniuliza kwa sauti ya mtu anayemwogopea mwenziwe akili.

“Rukia,” nikasema.

Akanishika bega, akaenda zake. Nilingoja ile tak ya kwanza na haikuja. Badala yake Rukia akaniita.

“Mama, ndoo uone.”

“Na watu?”

“Funga mlango.”

Mlango huu haujapata kufungwa mchana ila saa ya sala ya Ijumaa na siku ya maziko yako. Niliufunga. Nikasogea hadi kando ya gari, na ndipo nikatambua, nikiwa nimesimama pale na ungo wa mchele mkononi, kwamba tangu ile teksi sijakuona ukikaza. Nusu ya maisha yangu nimekaa hatua chache kutoka kwako wakati wa kazi uliyoiheshimu kuliko zote, na sikuiona hata mara moja. Nilikuwa natazama njia.

Rukia akaanza na zile za katikati. Aliivuta spana taratibu, mkono umenyooka, mwili wake wote ukielemea kwa upole, hadi ikalia. Akavuka upande wa pili. Kila baada ya bolti alifunga macho kidogo kabla ya kwenda nyingine. Nikamuuliza hayo macho anafumbia nini.

“Baba alikuwa akifanya hivi,” akasema. “Nilimuuliza nikidhani aomba dua. Akanambia amsikiliza mamangu.”

“Anisikilize nini?”

“Mlangoni. Alisema wewe ukianza kuulizana na watu hali za mjomba wa Lamu, yeye hupata utulivu. Alisema kukaza kwataka mtu asiye na wasiwasi, na yeye wasiwasi wake ulikuwa ukimwisha akisikia sauti yako.”

Mwanamume wee, miaka yote hiyo nilidhani nakukinga na kelele, kumbe kelele yenyewe uliitaka.

Akamaliza mzunguko wa kwanza, akaongeza nguvu ya spana, akarudi katikati. Nikaiona kwa macho yangu ile subira uliyonionyesha na mfuniko wa sufuria, huku kidogo na kule kidogo. Kwenye mzunguko wa mwisho, bolti ya mwisho, akanigeuzia spana.

Nilisema siwezi. Akanishikisha tu, akaniweka mikono, mmoja mbele na mmoja nyuma. Nikavuta. Ilikuwa nzito kuliko nilivyodhani, na ilikuja polepole sana, na nilikuwa nalia, sioni vizuri. Ikalia, tak, mkononi mwangu. Niliisikia mpaka begani. Na mimi, baba Rukia, sikutaka kuacha. Niliendelea kuvuta, maana nilijua nikiachilia ndiyo basi, kazi yako ya mwisho imekwisha.

Rukia akaweka mkono wake juu ya wangu. “Imeshalia, mama. Ukizidisha itakatika.”

Nikaachilia.

Nilitaka kukuandikia kwamba nimepoa, kwamba sikulilii tena. Si kweli, na wewe hukupenda kudanganywa. Nalia nikipika, nalia nikitandika. Lakini injini iliwaka mara ya pili tu alipoijaribu, na oili yake ni safi, ameniita niione. Mama Mutua amekwenda kanisani kwa pikapu, amekaa mbele karibu na mumewe. Hapa karakana pameingizwa gari jingine, la mtu nisiyemjua, na Rukia ameshalifungua. Mchana akifika mahali pa kukaza sitakaa kizingitini. Nitakaa ndani, karibu na mikono yake, niwaitikie watu kutoka humo humo kwa sauti kubwa, kwa kuwa kuna miaka mingi ya kutazama niliyoikosa.

Pumzika, mpenzi wangu. Mungu akupe wepesi huko uliko.

Ni mimi mkeo,
Mama Rukia