Majivu kwenye Udongo wa Mama Jepkosgei

Jumapili, usiku. Mvua ilianza tulipotoka kanisani na mpaka sasa haijapumzika.

Shajara yangu, leo sianzi na mapenzi. Nimesoma kurasa za nyuma nikajionea haya: Barasa, Barasa, Barasa. Jinsi anavyokunja mikono ya shati. Jinsi anavyopiga kengele ya baiskeli akifika kona yetu hapa mtaa wa West Indies, ili nijue ni yeye na si mume wa mtu mwingine. Yote ni kweli na bado nampenda hivyo hivyo. Lakini leo nina aibu, na nataka niiandike kabla sijaanza kujitetea.

Barasa anafanya kazi kwenye mradi wa utafiti wa udongo. Mashamba ya mahindi ya huku yamechoka: mbolea ni ile ile kila mwaka, mvua ni nyingi, na udongo unazidi kuwa na asidi. Alinieleza haya tukiwa bado wachumba. Alisema asidi ikizidi, kuna madini yanayoyeyuka na kuunguza ncha za mizizi. Chembe hai za pale nchani zinashindwa kugawanyika, mzizi unadumaa, na mahindi yanageuka manjano hata uyalishe mbolea namna gani. Aliyasema kwa huruma, kama mtu anayeeleza ugonjwa wa jirani. Nadhani ndiyo siku niliyoamua kwamba huyu nitaolewa naye.

Dawa yake ni chokaa. Mradi unawapa bure wenye mashamba yaliyozidi asidi, na lori linaileta kesho, kabla watu hawajapanda.

Sasa kosa langu.

Chumba cha kukaushia udongo wa kupimwa kule kazini kilianza kuvuja, kwa hiyo Barasa akauleta nyumbani. Kila shamba na gazeti lake, kila gazeti na jina la mwenye shamba. Sebule ikajaa udongo hadi chini ya viti vyangu vyenye vitambaa vipya vya kufuma.

"Bibi yangu, usiuguse," akasema. "Uache tu upate hewa."

"Kwani mimi ni mtoto?" nikamjibu, naye akanibusu kwenye paji la uso.

Kesho yake akiwa kazini, sisimizi wakaja, msururu mrefu kutoka mlangoni. Nikamwita jirani yangu, Mama Atieno. Akasimama pale akicheka.

"Bi arusi, na jiko si uko nayo? Mwaga majivu!"

Kwetu pia ndivyo tulivyofanya. Mama alizungushia majivu magunia ya maharagwe na hakuna mdudu aliyevuka. Nikazungushia kila gazeti. Lakini kwenye lile la karibu na mlango, sisimizi walikuwa wamepanda juu ya udongo wenyewe, kwa sababu kulikuwa na nyungunyungu aliyekufa ndani. Huo nikaunyunyizia juu. Konzi moja ya majivu, labda mbili. Walipokwisha nikafagia, na ule udongo nikauchanganya kwa vidole ili weupe wa majivu usionekane, mume wangu akirudi akute kila kitu ni nadhifu. Nilikuwa naimba.

Gazeti lile lilikuwa na jina la Mama Jepkosgei, mjane anayelima ng'ambo ya mtaa wa Langas.

Alhamisi kengele ya baiskeli ililia kuanzia kona mpaka mlangoni. Barasa aliingia na viatu vyenye matope na sikumkemea.

"Shamba moja tu, bibi yangu! Vipimo vimeonyesha upande ule wote una asidi, na la Mama Jepkosgei halina!"

Mkuu wake, ambaye wote wanamwita Daktari, alikuwa amempa mkono mbele ya wenzake na kusema shamba hilo lichunguzwe zaidi. Barasa akaushika mkono wangu, huu huu uliochanganya majivu, akaubusu. Akasema bila mimi udongo ule ungekanyagwa na kumwagika.

Nikamuuliza, polepole, ni nini kinachopunguza asidi.

"Chokaa. Hata majivu ya jikoni yanaweza, kwa kiasi chake."

Nilishajua. Kidato cha pili tulisaga maua mekundu, tukatia maji ya majivu, rangi ikabadilika. Mwalimu aliniita mbele niwaeleze wenzangu kwa nini, nami nikaeleza vizuri.

Nilijua, na nikamwongezea chai.

Ijumaa akaenda kumwambia Mama Jepkosgei kwamba shamba lake lina afya na halihitaji chokaa. Anasema yule mama aliinua mikono juu akamshukuru Mungu. Mahindi yake ya mwaka jana yalikuwa manjano tangu yakiwa madogo, na majirani walisema ni uvivu wa palizi. "Basi ni mbegu iliyonidanganya," akasema, "si udongo wangu, wala si mkono wangu." Akamshika kuku wake mweupe akamfunga miguu, zawadi kwa kijana wa habari njema.

Jana nilipaswa kumchinja kuku huyo. Nilinoa kisu, nikakirudisha. Mama Atieno akachungulia.

"Hii kuku mnaingoja izeeke? Ama bwana yako ameoa wawili, wewe na kuku?"

Nilicheka naye. Kisha nikaingia ndani nikalia kwenye taulo la arusi, lile lenye majina yetu.

Leo baada ya chakula, redio ikianza taarifa ya habari na safari ya Rais kama kawaida, niliinuka nikaizima. Nikamwambia.

"Majivu?" akauliza.

"Majivu."

"Ya kuni au ya makaa?"

"Ya makaa."

Alitazama pale mlangoni, kama gazeti bado limetandikwa.

"Ulijua lini?"

Hapo ndipo ningeweza kusema uongo mdogo. Nikasema Alhamisi, wakati wa chai.

"Ungeniambia Alhamisi," akasema, "ningecheka."

Hakupaza sauti. Ningependa angepaza. Alivaa koti, akatoa baiskeli kwenye mvua, akaenda kwa Daktari. Nikabaki na vyombo, na kuku amefungwa kwenye mguu wa meza akinitazama kwa jicho moja.

Amerudi si muda mrefu uliopita. Sikusikia kengele.

Daktari amekasirika. Amesema kwa kuwa majivu yalikuwa ndani ya nyumba, hauamini tena udongo wowote uliokaukia hapa. Udongo wa mashamba yote utachimbwa na kupimwa upya, na lori halitashusha gunia hata moja mpaka vipimo vipya vitoke. Watu watachelewa kupanda kwa ajili ya konzi zangu mbili za majivu. Barasa ataanza alfajiri na shamba la Mama Jepkosgei, na lazima mtu amwambie kwamba habari njema haikuwa habari.

"Nitamwambia mimi," nikasema.

Barasa aliinama chini ya kitanda akatoa gambuti zake za zamani, akakunja magazeti akazijaza vidoleni ili zinitoshe, akaziweka kando ya zake mlangoni. Kisha akalala akiwa ameupa ukuta uso. Nimezitazama gambuti hizo nne mpaka macho yakauma.

Kuku ametaga yai leo. Nimelifunga kwenye leso. Yeye nitambeba kwapani, mzima, nimrudishe kwa mwenyewe.

Nimejaribu maneno ya kuanzia na yote yana mapambo mengi. Mama, mume wangu hakukosea. Hapana, hilo ni la kumtetea yeye. Mama, nisamehe. Hapana, hilo ni la kujitetea mimi, na yeye bado hajajua shamba lake lina nini. Nadhani nitaanza na sisimizi, nifike kwenye majivu, nisiruke kitu mpaka kwenye chai.

Je, nitaweza kumtazama usoni nikifika kwenye ile chai?